Kadi ya mtandao ikigoma: Linux ilivyofika Serengeti

Umechomeka waya wa mtandao kwenye kompyuta inayotumia Linux, na hakuna kitu. Unaizima, unaiwasha, bado. Mjini utaita fundi. Ila ukiwa Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, fundi anayejua vifaa hivyo anaweza kuwa Mwanza au Dar es Salaam, na hospitali inayotegemea mtandao huo haiwezi kukaa wiki nzima ikimsubiri. Kwa hiyo swali la kadi iliyogoma ni swali la nani ana uwezo wa kuifungua na kuitengeneza, na swali hilo lina historia yake.

Linus Torvalds alitangaza Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Finland. Kadi za mtandao zilikuwepo tayari, lakini watengenezaji wengi waliandika draiva (programu inayoziwezesha kompyuta na kadi kuelewana) kwa ajili ya mifumo iliyouzwa sana. Watumiaji wa Linux walibaki wajitegemee. Mmoja wao, Donald Becker wa kituo cha NASA cha Goddard, aliandika draiva za kadi nyingi. Mwaka 1994 yeye na Thomas Sterling waliunganisha kompyuta 16 za kawaida zikafanya kazi kama moja, mradi walioupa jina Beowulf. Bila draiva hizo, zingekuwa masanduku 16 yasiyosemezana.

Kisha likaja tatizo la pili. Kadi ilikuwa ikipokea pakiti, inaikatiza prosesa: "Simama, kuna mzigo!" Fikiria mwenye mashine ya kusaga anayeitwa mlangoni kila mteja anapofika. Wakiwa watatu, sawa. Wakiwa elfu, siku nzima anafungua mlango tu na hakuna unga unaosagwa. Mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde unaweza kuleta pakiti ndogo zaidi ya 148,000 kila sekunde. Kompyuta ilionekana iko hai, taa zinawaka, lakini haipitishi chochote.

Mwaka 2001 Jamal Hadi Salim, Robert Olsson na Alexey Kuznetsov walieleza dawa yake, inayoitwa NAPI. Pakiti ya kwanza ikifika, kadi inabisha mara moja, halafu inanyamazishwa. Prosesa yenyewe inakwenda kuchukua mizigo kwa mafungu, kwa kadiri inavyoweza. Baada ya hapo kompyuta ya kawaida iliweza kufanya kazi ya ruta, yaani kifaa kinachoelekeza pakiti njia ya kupita, bila kuelemewa kirahisi. Olsson, aliyefanya kazi Uppsala, Sweden, alikuwa pia na Linux yake ndogo ya ruta iitwayo Bifrost, ambayo unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi.

Hapa ndipo Mara inapoingia. COSTECH, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na chuo cha KTH cha Stockholm walikuwa na mradi wa TEHAMA kwa maendeleo ya vijijini, ICT4RD. Ndani yake ukazaliwa mtandao wa majaribio wa Serengeti, katika wilaya za Bunda na Serengeti, uliolenga ofisi za halmashauri, shule na hospitali. Mtanzania Amos Nungu, ambaye baadaye alikuja kuwa Mkurugenzi Mkuu wa COSTECH, aliufanya kuwa sehemu ya utafiti wake wa uzamivu KTH. Pamoja na Björn Pehrson na Olsson yuleyule wa NAPI, alishughulikia adui mkubwa wa mitandao ya vijijini: umeme. Njia yao ilikuwa kutumia vipuri vinavyopatikana sokoni, vinavyokula umeme kidogo, pamoja na programu huria.

Uamuzi huo una maana kubwa kwa anayebaki na vifaa wageni wakishaondoka. Ruta iliyofungwa ikifa, unanunua nyingine. Ruta ya Linux unaweza kuihoji, na inajibu. Utaratibu ni kuanzia chini kwenda juu:

1. Umeme na waya. Taa ya kadi inawaka? Jaribu waya mwingine.
2. `lspci`: je, kompyuta inaiona kadi? Isipoionyesha, ichomoe uichomeke upya. Kama ni ya USB, tumia `lsusb`.
3. `dmesg`: draiva imepakiwa, au inalalamika kuna faili inalikosa?
4. `ip link`: ukiona DOWN, iwashe kwa `ip link set` jina la kadi `up`. Ukiona NO-CARRIER, rudi kwenye waya au upande wa pili.
5. Anwani: `ip addr`, halafu `ip route`. Hapo ndipo unapofikiria mipangilio.

Kwenye mkongo wa mwanga, `ethtool -m` inaweza hata kukusomea nguvu ya mwanga unaoingia, kama kifaa chako kinaruhusu. Mwanga ukiwa umefifia, tatizo liko njiani, na kubadilisha kadi ni kupoteza hela.

Wengi wetu tunaanza na namba tano, tunabadilisha mipangilio hadi iliyokuwa sahihi nayo inaharibika. Anza chini. Amri hizi hazihitaji leseni wala ruhusa ya mtu: mwanafunzi wa Tarime mwenye laptopu ya mtumba anaweza kuzijaribu leo jioni, na siku mtandao wa zahanati ya kijijini kwao utakapokatika, huenda fundi asitafutwe mbali.