Siku Tatu za Kwanza: Upasuaji wa Utumbo wa Watoto Wachanga na Safari ya Kushuka Uluguru

Utumbo wa binadamu hujengeka mapema sana tumboni mwa mama. Kwa wiki kadhaa za mwanzo sehemu yake hukaa nje, ndani ya kitovu, na ifikapo wiki ya 10 ya mimba hurudi ndani huku ikijizungusha hadi kukaa mahali pake. Kazi hiyo ikikwama, mtoto huzaliwa na kasoro. Njia ya haja kubwa yaweza kuwa imeziba, au kipande cha utumbo mwembamba kimekatika. Utumbo waweza kujisokota kwenye shina lake na kujinyima damu. Mwisho wa utumbo mpana waweza kukosa neva za kusukuma uchafu. Na kuna watoto ambao matumbo yao hubaki nje kabisa, yametokea kwenye tundu kando ya kitovu. Kuziba kwa njia ya haja kubwa peke yake humpata takriban mtoto 1 kati ya 5,000. Ukiacha ile ya matumbo kubaki nje, ambayo kila mtu huiona mara moja, nyingi ya kasoro hizi hujificha. Mtoto hulia vizuri, hupewa ziwa, na ndugu hufurahi. Kisha tumbo linaanza kujaa, choo cheusi cha kwanza hakitoki, matapishi yanageuka kijani. Mtoto mwenye kizuizi kamili asipopasuliwa hufa, mara nyingi kabla ya wiki kuisha.

Kwa hiyo historia ya tiba hii katika milima ya Uluguru ni historia ya mambo mawili: nani alimtazama mtoto siku ya kwanza, na palikuwa na umbali gani kutoka kitandani pa mzazi hadi penye kisu.

Milima hiyo, ambayo kilele chake kirefu kinapita mita 2,600, imekaliwa na Waluguru mpaka juu kwenye miteremko mikali. Mgeta, Bunduki, Kinole, Matombo na Kolero ni sehemu ambazo kwa vizazi vingi zilifikiwa kwa miguu tu, na mgonjwa asiyeweza kutembea alibebwa kwa machela na vijana wa kupokezana. Uzazi ulikuwa kazi ya wanawake wazima wa ukoo na wakunga wa jadi. Ujuzi wao ulikuwa mkubwa katika yale yaliyoonekana kwa jicho: kitovu, pumzi, mlalo wa mtoto. Mtoto aliyezaliwa na dalili isiyo ya kawaida aliweza kuhesabiwa kuwa kigego, mwenye kuleta nuksi kwa ukoo, na wamisionari wa karne ya 19 waliandika kwa uchungu juu ya watoto wa namna hiyo waliouawa au kutelekezwa katika nchi iliyo kati ya pwani na milima hii. Lakini kasoro ya ndani ya utumbo haikuwa na alama ya kumtia mtoto unuksi. Mtoto aliyevimba tumbo na kutapika alisemekana ana chango, naye alitibiwa kwa dawa za miti shamba kama watoto wengine wote wenye msokoto wa tumbo. Wazazi hao hawakuwa wazembe. Chango la kawaida hupona, na hakuna aliyekuwa na njia ya kutofautisha lile linalopona na lile lisilopona.

Waliokuja na hospitali nao hawakuwa na jibu. Mapadri wa Roho Mtakatifu, waliofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, walipanda hadi Uluguru na kuanzisha misheni ya Matombo mwaka 1897. Mwaka huohuo hospitali iliyojengwa kwa fedha za tajiri Sewa Haji ilifunguliwa Dar es Salaam. Reli ya Wajerumani ilifika Morogoro mwaka 1907, na safari ya siku nyingi hadi pwani ikawa ya saa kadhaa. Hata hivyo reli ilifungua njia tu. Mtoto wa siku mbili aliyepelekwa pwani kwa treni mwaka huo angekuta madaktari ambao, kama wenzao wa Ulaya, walikuwa bado wanahangaika na kizuizi cha utumbo wa mtoto mchanga.

Kwa kuziba kwa njia ya haja kubwa elimu ilikuwa ya kale zaidi. Paulo wa Aegina, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 7, alieleza namna ya kutoboa utando kwa kidole au kisu na kupanua tundu taratibu. Mwaka 1793, katika mji wa Brest, daktari Mfaransa Duret alimfungulia mtoto mchanga utumbo mpana kwenye ukuta wa tumbo, upande wa kushoto, ili haja itokee hapo. Mtoto huyo aliishi hadi umri wa miaka 45. Mwaka 1835 Amussat, huko Paris, aliuvuta mwisho wa utumbo hadi kwenye ngozi na kuushona. Utumbo mwembamba ulikuwa mgumu zaidi, kwani kuunga mirija miwili iliyo myembamba kuliko kidole hutaka uzi laini, dawa ya usingizi isiyomuua mtoto, na maji ya kumwingizia mshipani. Muungo wa kwanza uliofanikiwa kwa mtoto mwenye utumbo mwembamba uliokatika ulifanywa na Fockens, Uholanzi, mwaka 1911. Kwa utumbo uliojisokota, utaratibu unaotumika mpaka leo ulielezwa na William Ladd wa Boston mwaka 1936.

Afrika ilichangia hatua moja kubwa, na inastahili kukumbukwa zaidi ya inavyokumbukwa. Huko Cape Town, daktari J. H. Louw na daktari kijana aliyefanya kazi naye, Christiaan Barnard, yuleyule aliyekuja kupandikiza moyo mwaka 1967, walijiuliza kwa nini utumbo hukatika. Barnard aliwapasua mbwa wenye mimba, akafunga mishipa ya damu ya utumbo wa watoto walio tumboni, kisha akaacha mimba ziendelee. Watoto wa mbwa walizaliwa na kasoro ileile ya binadamu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1955 yalionyesha kuwa sababu yaweza kuwa kukatika kwa damu kabla ya kuzaliwa. Fundisho la meza ya upasuaji likafuata: ncha zilizotanuka na kukosa damu nzuri zikatwe kwanza, ndipo sehemu yenye uhai iungwe. Muungo unaofanywa kwenye ncha mbovu hukwama au hupasuka.

Wakati huo Tanganyika ilikuwa inajenga. Kusini mwa Uluguru, katika bonde la Kilombero, hospitali ya misheni ya Ifakara ilikuwa imempata daktari Mswisi Karl Schöpf mwaka 1944. Dar es Salaam, Hospitali ya Princess Margaret ilifunguliwa mwaka 1956, ikaja kuitwa Muhimbili baada ya uhuru. Madaktari warukao wa shirika la AMREF walianza mwaka 1957. Uamuzi uliogusa zaidi wilaya za milimani ulikuja mwaka 1963, nchi ilipoanza kuwafundisha madaktari wasaidizi, watumishi wenye uzoefu walioongezewa elimu mpaka wakaweza kupasua katika hospitali za wilaya. Baadaye ikaja ketamini, dawa ya usingizi inayoweza kutolewa pasipo mashine kubwa. Kwa mtoto aliyezaliwa njia imeziba, mambo hayo mawili yalileta uwezekano wa kweli wa kufunguliwa kolostomi, yaani tundu la haja kwenye ukuta wa tumbo, karibu na nyumbani, kwa upasuaji mfupi unaookoa maisha na kuacha matengenezo yafanywe baadaye.

Lakini kolostomi ilikuwa na mzigo wake kijijini. Mifuko ya kukusanyia haja haikupatikana, au iligharimu kuliko uwezo wa mkulima wa ndizi au mboga. Akina mama walitumia vitambaa vilivyochanwa kutoka kwenye khanga kuukuu, wakavifua kutwa mara nyingi, na ngozi ya mtoto ikachubuka. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na mjomba ana sauti katika mambo mazito ya mtoto, kwa hiyo daktari aliyemshawishi baba na mama peke yao alikuwa bado hajamaliza kazi. Palipokuwa na muuguzi aliyekaa na jamaa akawaeleza kwamba tundu lile ni la muda, watoto walirudishwa kwa upasuaji wa pili. Maelezo hayo ni sehemu ya tiba sawa na uzi na sindano.

Kuanzia miaka ya 1990 Morogoro Vijijini, wilaya iliyobeba sehemu kubwa ya Uluguru, ilijulikana kwa watafiti wa afya duniani. Mradi wa kuhesabu vifo uliwahoji jamaa nyumbani kuhusu dalili za marehemu, kwa sababu wengi walifia mbali na daktari. Kisha mradi wa TEHIP ulizisaidia Morogoro Vijijini na Rufiji kupanga bajeti kwa kufuata magonjwa yanayoua zaidi, na vifo vya watoto chini ya miaka 5 vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Mafanikio hayo yalitoka kwenye tiba ya malaria, vyandarua na huduma bora za zahanati. Upasuaji haukuwa na nafasi humo. Hesabu ya namna hiyo huzitanguliza homa na kuhara kwa haki, lakini mtoto mmoja mmoja mwenye utumbo uliokatika hupotea ndani yake.

Huko Muhimbili upasuaji wa watoto ulikua kuwa taaluma ya peke yake. Njia ya Alberto Peña na Pieter deVries, iliyochapishwa mwaka 1982, ya kupasua katikati kabisa kutoka nyuma na kuipitisha njia mpya ndani ya misuli inayozuia haja, ilienea duniani na kubadili maisha ya watoto wenye kolostomi. Kwa kasoro ya neva, ambayo Harald Hirschsprung wa Copenhagen aliieleza mwaka 1886, sehemu isiyo na neva huondolewa na ile nzima kushushwa, kwa msingi uliowekwa na Orvar Swenson mwaka 1948.

Pengo lililobaki ni la uangalizi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliokusanya watoto 3,849 kutoka hospitali 264 za nchi 74, ulikuta kwamba kasoro za mfumo wa chakula ziliua asilimia 39.8 katika nchi za kipato cha chini, 20.4 katika zile za kipato cha kati na 5.6 katika nchi tajiri. Kwa watoto ambao matumbo yao yako nje tofauti inatisha: asilimia 90 dhidi ya 1.4. Mtoto huyo huuawa na baridi, ukavu wa mwili, vijidudu, na kukosa lishe ya mshipani katika wiki ambazo utumbo haujaanza kufanya kazi. Mengi ya hayo huanzia njiani. Mtoto anayeshuka Mgeta alfajiri ya ukungu, amefungwa khanga yenye umande, hufika ameganda hata kama daktari yuko tayari. Kumweka kifuani pa mama, kuyafunika matumbo kwa plastiki safi, kupitisha mrija puani ili tumbo lipungue, na kuanza dripu kabla ya safari ni kazi ambazo muuguzi wa kituo cha afya anaweza kuzifanya.

Mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, humchukua mama na mtoto mchanga kwa gari la wagonjwa au dereva wa eneo hilo anayeitwa kwa simu. Kutoka mjini Morogoro hadi Dar es Salaam ni kilomita 190 hivi za lami. Mteremko wa kufika mjini ndio wenye matope, na mvua za masika huukata.

Baada ya njia mpya ya haja kutengenezwa hospitalini, mama hufundishwa kuipanua kwa vyuma laini vya ukubwa unaoongezeka, kila siku kwa miezi, ili kovu lisiizibe tena, na kolostomi hufungwa ukubwa unaotakiwa ukishafikiwa. Daktari huendelea kumwona mtoto hadi anapofika umri wa kujizuia haja, kati ya miaka 3 na 4, ndipo ijulikane kama misuli iliyoungwa inafanya kazi.