Kabla Hujacheka Mkao wa Swila, Uliza Mgongo wa Bodaboda

Najua mtanicheka mkinipata nimelala kifudifudi kwenye mkeka, kifua juu kama swila. Chekeni, lakini kwanza nipeni dakika mbili za historia.

Wasee, jina bodaboda lilizaliwa huku kwetu mpakani. Miaka ya 1960 na 1970, ofisi za Kenya na za Uganda hazikuwa pamoja, na katikati palikuwa na kipande cha barabara cha kumchosha mtu mwenye mzigo. Vijana wa Busia na Malaba wakaona pesa. Walifunga mto kwenye keria ya baiskeli wakaita abiria: "Boda, boda!" Yaani mpaka hadi mpaka. Baadaye pikipiki zikaja, na leo jina hilo liko Nairobi, Kampala mpaka Dar.

Shida ni kwamba hadithi hiyo husimuliwa bila migongo iliyoibeba. Mjomba wangu alipiga pedali Malaba miaka mingi, mtu nyuma, gunia juu. Siku hizi akitaka kuinuka kitini, anashika ukuta kwanza. Mimi sibebi gunia, ila nainamia simu nikihariri video hadi saa nane usiku, na mgongo umeanza kulalamika kama wake.

Sasa huu mkao. Gheranda Samhita, kitabu cha India cha karne ya 17, kinautaja kati ya mikao 32 ya yoga. Halafu mwaka 1956, huko Wellington, New Zealand, mtaalamu wa viungo Robin McKenzie alimwambia mgonjwa alale kifudifudi kitandani amsubiri. Kumbe kitanda kilikuwa kimeinuliwa upande wa kichwa! Alipomkuta amepinda kinyumenyume alishtuka, lakini maumivu ya mguu yalikuwa yamepungua kuliko wiki zote. Kutokana na ajali hiyo McKenzie alijenga mbinu ambayo bado inatumika duniani.

Si uchawi. Ukiinama kutwa nzima, kupinda nyuma kunanyoosha kifua na tumbo, na misuli ya mgongo inapata kazi. Lala kifudifudi, viganja kando ya kifua. Inua kifua polepole, nyonga zibaki chini, mabega mbali na masikio. Pumua mara tano, shuka. Kama una mimba, umepasuliwa juzi, au maumivu yanateremka mguuni, muone daktari kwanza.

Mjomba alikataa wiki mbili. "Hayo ni ya watoto wa Nairobi, wewe." Jumapili alilala kwenye mkeka, akainua kifua kidogo tu, akanyamaza. Halafu akasema, "Rudia hiyo hesabu ya pumzi."

Kwangu mimi, kila stage ya boda yenye benchi na kivuli inaweza kuwa na mkeka pia. Mgongo wako wewe unasemaje?