Binti wa Nuhu na Mipaka ya Fantasia ya Kikristo

Katika Chuo Kikuu cha Daystar, kilichopata hati mwaka 1994 na chenye kampasi Athi River, Machakos, uhuru wa msanii Mkristo mbele ya Maandiko si suala la nadharia tupu. Madeleine L'Engle alilikabili katika Many Waters (1986), riwaya ya vijana. Mapacha wa karne ya ishirini wanajikuta katika zama za Nuhu. Wanampenda bintiye, Yalith, huku wakijua kwamba kitabu cha Mwanzo hakimtaji miongoni mwa walioingia safinani. Edith Nesbit, aliyewapeleka watoto Babeli mwaka 1906, hakufungwa na andiko la namna hiyo. L'Engle habadili neno: Yalith anatwaliwa mbinguni kama Henoko. Ufumbuzi huo ni wa kijanja, pengine mno. Waliobaki nje wanazama bila kuulizwa habari zao.