Mnyanyua vyuma na sahani ya ugali

Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliwachunguza kwa siku saba wanariadha 10 mahiri waliopiga kambi Kaptagat, karibu na Eldoret. Asilimia 76.5 ya nguvu zao ilitokana na wanga na sukari: ugali, wali, viazi, mkate na chai tamu.

Mwenye kunyanyua vyuma jioni baada ya kazi hahitaji kiasi hicho. Aweza kupunguza ugali, mradi aongeze mboga na apate protini ya kujenga misuli kutoka kwa mayai, samaki, nyama au maziwa.

Hata hivyo, mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini amwone daktari kwanza. Akipunguza wanga bila kurekebishiwa dawa, sukari ya damu yaweza kushuka ghafla akazirai.