Mabasi ya Zambia na Gharama ya Kujitegemea

Askari anayejua kazi yake huuliza maswali mawili kabla ya kusonga mbele: je, njia iko wazi, na magari ni mazima? Maswali hayo ndiyo yaliyoikabili nchi jirani ya Zambia mara baada ya kupata uhuru wake tarehe 24 Oktoba 1964.

Wakati huo usafiri wa mabasi ya masafa marefu nchini humo ulikuwa mikononi mwa wageni, na mojawapo ya kampuni zao ilikuwa Central African Road Services. Reli nayo ilielekea kusini, katika Rhodesia ya walowezi. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na wenzake walijitangazia uhuru wa wachache, na kabla ya mwaka kwisha mafuta ya Zambia yakakatizwa. Ghafla uhai wa taifa ukategemea barabara ya kaskazini, ya vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua, iliyopitia Tunduma hadi Dar es Salaam. Malori yaliyobeba mapipa ya mafuta yalipinduka mara kwa mara, hata barabara hiyo ikaitwa Njia ya Jehanamu.

Zambia ilijifunza kwamba mwenye kushika usukani wa usafiri wako amekushika koo. Tarehe 19 Aprili 1968, huko Mulungushi, Rais Kenneth Kaunda alizitaka kampuni 26 ziiuzie serikali asilimia 51 ya hisa zao. Central African Road Services ilikuwa miongoni mwao. Mabasi yake yakawa msingi wa Kampuni ya Mabasi ya Zambia, iliyojulikana kwa herufi UBZ.

Kampuni hiyo ilikua pamoja na taifa. Mabasi yake yaliunganisha Lusaka na miji ya Ukanda wa Shaba, yakashuka hadi Livingstone, na kuingia katika mikoa ya mbali ambako faida ni ndogo lakini wananchi wana haki ya kusafiri kama wenzao wa mjini. Mkulima, mwalimu na askari aliyekwenda likizo walipanda basi moja.

Hata hivyo, kumiliki basi ni jambo moja, na kuliweka barabarani ni jambo jingine. Kuanzia mwaka 1975 bei ya shaba ilianguka, na fedha za kigeni zikaadimika. Wakati huohuo Zambia ilikuwa ikilipa gharama ya kuwahifadhi wapigania uhuru: mpaka wa kusini ulifungwa mwaka 1973 na haukufunguliwa hadi 1978, na Oktoba 1979 majeshi ya Rhodesia yalilipua daraja la TAZARA kwenye mto Chambeshi. Basi linalokosa kipuri kimoja hulala karakana. Likilala, huvuliwa viungo ili jingine litembee. Na mwishowe yote mawili husimama. Nauli iliyowekwa chini kwa huruma haikutosha kununua tairi jipya.

Baada ya uchaguzi wa Oktoba 1991 serikali mpya iliwafungulia milango watu binafsi, na katikati ya miaka ya 1990 UBZ ikafungwa. Mabasi ya watu binafsi yakajaa katika njia zenye abiria wengi, na mashindano yakaleta mwendo wa kasi na ajali. Mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku mabasi ya abiria kusafiri kati ya saa 3 usiku na saa 11 alfajiri, na mzigo wa kusimamia amri hiyo ukawaangukia polisi.

Wapo wanaosema kwamba Zambia ilikosea kuyachukua mabasi yale. Wanasahau ni nani aliyekata mafuta mwaka 1965. Kosa halikuwa kuyachukua. Upungufu ulikuwa katika kuyatunza. Gari la umma, liwe basi la abiria au lori la kikosi, hulindwa kwanza na fundi mwenye vipuri, dereva mwenye nidhamu na daftari la matengenezo lisilodanganya.