Burda kwa Mgonjwa: Sifa Kwanza, Nafuu Baadaye

Katika Mji wa Kale wa Mombasa, kama kwingine Pwani, mgonjwa akilala muda mrefu jamaa huweza kukusanyika wakamsomea kasida ya Burda. Dawa za hospitali hazikatazwi. Kasida husomwa pamoja nazo. Mtunzi wake, Muhammad al-Busiri, aliishi Misri katika karne ya 13. Yasimuliwa kwamba alipooza upande mmoja wa mwili, akatunga beti zipatazo 160 za kumsifu Mtume, kisha akalala. Usingizini Mtume akampangusa kwa mkono na kumfunika joho. Alipoamka alikuwa mzima.

Mgiriki wa kale asingekishangaa kisa hiki. Huko Epidauros, kwenye hekalu la Asklepios, wagonjwa walilala wakingoja mungu wao awajie ndotoni, na habari za waliopona zilichongwa kwenye mawe katika karne ya 4 kabla ya Kristo. Hermodikos wa Lampsakos, aliyepooza, aliponywa usingizini, kisha akaamriwa alete jiwe kubwa kadiri awezavyo kulibeba. Hapo sifa ni deni: mtu hupona, ndipo alipe.

Aliyepooza wa Kapernaumu, katika Injili ya Marko, hakuota ndoto. Alishushwa kupitia darini, akasimama, na umati ukamtukuza Mungu. Lakini sura iliyotangulia Yesu anamkataza mwenye ukoma asimwambie mtu. Amri ngeni kabisa kwa makuhani wa Epidauros, ambao mawe yao yalikuwa matangazo.

Busiri yeye alitanguliza sifa, nafuu ikafuata. Nadhani ndiyo maana Burda imepata makao Mombasa, mji ambamo ubeti haukuwa pambo tu. Mshairi wake Muyaka bin Haji, karne ya 19, aliwapigania watawala wa Mazrui dhidi ya Sultani Seyyid Said kwa mashairi.

Wapo masheikh wanaoipinga Burda, wakisema sifa zake zimevuka mpaka. Wanaoipenda nao hukitaja sana kile kisa cha joho. Hata hivyo kisa hicho hakimo katika kasida. Ukiisoma yote hutamkuta Busiri aliyepooza. Utakuta kiganja cha Mtume kikisifiwa kwa kuwaponya wagonjwa kwa kuwagusa tu.