Uthabiti wa benki za Kiislamu na za kawaida

Uthabiti wa benki ni uwezo wake wa kustahimili hasara bila kufilisika. Benki ya Kiislamu haitozi riba: hununua bidhaa na kuiuza kwa faida iliyotajwa (murabaha), au hugawana faida na mteja, na hasara humwangukia mwenye mtaji (mudharaba). Kinadharia, mweka amana ya uwekezaji hubeba sehemu ya hasara, jambo linaloikinga benki. Kivitendo murabaha ndiyo iliyotawala, na benki nyingi huogopa kuwapunguzia wateja faida wasije wakahama, hivyo kinga hiyo ni dhaifu kuliko inavyosifiwa.

Mwaka 2008 Martin Čihák na Heiko Hesse wa Shirika la Fedha la Kimataifa walitumia kipimo Z, kinachopima mtaji na faida dhidi ya kuyumba kwa faida hiyo. Benki ndogo za Kiislamu zilionekana imara kuliko benki ndogo za kawaida. Kwa benki kubwa, za kawaida ziliongoza. Mgogoro wa kifedha wa 2008 ulizigusa kidogo benki za Kiislamu, kwa kuwa hazikushika dhamana za mikopo ya nyumba za Marekani, lakini mwaka 2009, mali zisizohamishika ziliposhuka thamani katika Ghuba, baadhi ziliumia kuliko benki za kawaida.

Kabla ya hapo, Ihlas Finans, taasisi ya fedha ya Kiislamu ya Uturuki, ilianguka mwaka 2001, wateja walipokimbilia amana zao zisizo na bima. Ukubwa, usimamizi na ukwasi huamua uthabiti zaidi kuliko jina la mfumo.